Kumlea Spanieli wa Sussex: Mbwa Mpole Asiyenyamaza

Ukitaja spanieli, wengi huwaza mbwa mwepesi ambaye mkia wake hautulii, anakimbia huku na huko mchana kutwa. Spanieli wa Sussex hayuko hivyo kabisa. Ni mfupi wa miguu, mrefu wa kiwiliwili, ana mifupa mizito na kifua kipana, na akitembea anayumba kama mashua iliyosheheni. Manyoya yake ni ya rangi moja tu, hudhurungi inayong'aa dhahabu kwenye ncha, na paji la uso lina mikunjo inayomfanya aonekane amenuna hata anapofurahi. Urefu wake mabegani ni kama sentimita 38 hadi 41, na mbwa aliyekomaa ana kilo 18 hadi 23 hivi. Kwa mbwa mfupi kiasi hicho, huo ni uzito wa kutosha. Utamjua siku ya kumbeba.

Upole wake ndio unaowaponza watu. Wanamwona ametulia, wanadhani wamepata mbwa wa kulala kochini asiye na usumbufu. Miezi sita baadaye majirani wanalalamika, mbwa amenenepa, na akiitwa anatazama tu. Hakuna kasoro hapo. Mbwa ni yuleyule aliyezalishwa awe hivyo, ila mwenye mbwa hakuambiwa.

Hatua ya 1: Ijue kazi yake ya asili

Aina hii ilikuzwa kusini mwa Uingereza, katika jimbo la Sussex, na jina linalotajwa zaidi ni la Augustus Elliott Fuller wa Rosehill, karibu na kijiji cha Brightling, aliyeanza kuwafuga mwishoni mwa karne ya 18. Maeneo yale yalikuwa na udongo mzito wa mfinyanzi na vichaka vilivyosongamana. Mwindaji alitembea kwa miguu na hakuweza kumwona mbwa wake akishazama ndani. Kwa hiyo alitakiwa mbwa mfupi, mwenye nguvu za kupenya chini ya miiba, asiyeenda mbali, na zaidi ya yote anayebweka akikuta harufu ili mwenyewe ajue alipo. Spanieli wengine wa kuwinda walifunzwa kunyamaza. Huyu alisifiwa kwa kelele zake, na wawindaji wa zamani walidai kwamba kwa kusikiliza mlio tu waliweza kujua kama amekuta ndege au mnyama mwenye manyoya.

Weka hilo akilini, maana tabia zake karibu zote zinatoka hapo. Subira, pua isiyokata tamaa, kelele, na ule ugumu wa kuachia jambo aliloanza ni vitu vilivyochaguliwa kwa makusudi, kizazi hadi kizazi.

Hatua ya 2: Jipime wewe kwanza

Kabla hujaanza kutafuta, jiulize mambo matatu na ujijibu kwa ukweli. La kwanza, nyumba yako inavumilia kelele? Kama kuta ni nyembamba na majirani wako karibu, utakuwa na kazi ya ziada, na hakuna mafunzo yatakayomgeuza bubu. La pili, nyumbani kuna mtu kwa sehemu kubwa ya siku? Mbwa huyu hushikamana na watu wake na huvumilia upweke vibaya: hulia, hutafuna, au hukaa mlangoni akiomboleza. La tatu, una moyo wa kukataa? Macho yake ya rangi ya kahawia, yakitazama juu kutoka chini ya paji lililokunjamana, yamewashinda watu wagumu wengi, na kila ushindi wake mezani unaonekana kwenye mizani.

Kwa watoto wa nyumbani ni mwema akilelewa nao. Kwa mbwa wengine kwa kawaida hana neno, ingawa wapo wanaopenda kutawala na wanaolinda chakula au kitu walichookota. Mgeni atapokewa kwa kelele nyingi na mkia. Mlinzi hasa si kazi yake.

Hatua ya 3: Tafuta mzalishaji, kisha subiri

Hapa uharakishaji haufai kitu. Sussex ni miongoni mwa aina za mbwa wa asili ya Uingereza ambazo Kennel Club ya huko, chama kinachosajili mbwa, inaziweka kwenye orodha ya walio hatarini, yaani wale ambao watoto wanaosajiliwa kwa mwaka hawazidi 300. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia aina hii ilikaribia kutoweka, na kubaki kwake kulitokana sana na juhudi za mwanamke mmoja, Joy Freer, aliyeendelea kuwafuga kipindi kile kigumu. Damu ya mbwa wa leo inatokana na wale wachache. Zaidi ya hapo, jike wa aina hii mara nyingi huzaa kwa shida, upasuaji si jambo geni, na idadi ya watoto kwa uzazi mmoja inaweza kuwa ndogo. Kwa hiyo utaandikishwa kwenye orodha na utangoja. Anayekuambia anao wengi wakati wote, wa kuchukua leo, mtilie shaka.

Ukifika zamu yako, omba kuona mambo yafuatayo kwa maandishi:

- Matokeo ya picha za eksirei za nyonga za wazazi wote wawili. Tatizo la nyonga kutokaa sawasawa lipo katika aina hii.
- Kipimo cha jeni ya PDP1. Mbwa mwenye hitilafu hii mwili wake unashindwa kugeuza sukari kuwa nguvu ipasavyo, asidi inajaa kwenye misuli, na anaweza kuanguka baada ya mazoezi kidogo tu. Ili augue, lazima arithi nakala mbovu kutoka kwa baba na pia kwa mama. Mzazi mmoja akiwa msafi kabisa, watoto hawataugua, hata kama mwenzake amebeba nakala moja.
- Uchunguzi wa moyo na macho. Kasoro za moyo za kuzaliwa nazo zimeonekana kwa Sussex, kwa hiyo sikio la daktari kifuani mwa wazazi na mwa mtoto mwenyewe ni la lazima.

Mtazame mtoto akiwa na mama yake, mahali alipozaliwa. England, tangu Aprili 2020, sheria inakataza wauzaji wa biashara kuuza watoto wa mbwa walio chini ya miezi sita ambao hawakuwazalisha wenyewe, kwa hiyo asiyeweza kukuonyesha mama hana kisingizio. Hata pasipo na sheria hiyo, fuata kanuni ileile. Tabia ya mama ndiyo dalili bora uliyonayo ya tabia ya mtoto. Usimchukue kabla hajatimiza wiki nane.

Hatua ya 4: Miezi ya mwanzo, linda mifupa

Sussex hukua taratibu, kimwili na kiakili. Uzito unatangulia, viungo vinafuata nyuma. Katika mwaka wa kwanza usimruhusu apande na kushuka ngazi ovyo, asiruke kutoka kochini, asishuke garini peke yake. Mbebe kwa kuweka mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mgongo ukiwa umelala sawa. Mgongo mrefu wa namna hii hauna urafiki na kuning'inizwa kwapani. Anapokuwa mzito wa kukushinda, tengeneza ubao wa kupandia garini wenye uso wa kukwaruza na umzoeze mapema. Sakafu inayoteleza itandikie mikeka pale anapopita sana.

Matembezi yawe mafupi, mara kadhaa kwa siku, na aachiwe muda wa kunusa. Dakika kumi za kunusa ukingo wa njia zinamchosha akili kuliko nusu saa ya kuburutwa kwa kamba.

Katika kipindi hichohicho mzoeze kushikwa masikio, miguu na midomo kila siku, huku akilambishwa kitu anachokipenda. Mbwa wa kilo 20 ambaye hakuzoeshwa utotoni kukatwa kucha ni shughuli ya watu wawili.

Hatua ya 5: Ishughulikie sauti mapema

Hapa ndipo penye kazi kubwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Anza kwa kusikiliza. Sussex ana milio zaidi ya mmoja: kubweka kukavu kwa mgeni mlangoni, mlio mrefu wa kupandisha na kushusha anapokusalimu au anapotaka jambo, na ule wa kusisimka akikuta harufu. Kila mmoja una tiba yake. Kwa siku chache andika kila anapopaza sauti: saa ngapi, alikuwa wapi, nini kilitangulia. Utashangaa jinsi orodha inavyojirudia. Mara nyingi ni dirisha moja, saa moja ya chakula, na mlio wa ufunguo.

Dirisha lizibe kwa karatasi ya kioo isiyoonyesha, hadi kimo cha macho yake. Hilo peke yake linaweza kupunguza kelele nyingi. Saa ya chakula, usiweke bakuli chini akiwa anapiga kelele. Simama nalo mkononi, bila kusema neno, hata akiimba hadi mwisho wa wimbo. Akinyamaza, hesabu moja mbili, weka. Siku ya kwanza itakuwa ndefu. Ukishindwa ukaweka bakuli katikati ya kelele, utakuwa umemfundisha kwamba siri ni kuendelea zaidi, na Sussex kuendelea anakujua.

Kisha mfundishe amri ya kunyamaza kwa kupitia mlango wa nyuma, yaani kwa kumfundisha kwanza kubweka ukimwambia. Gonga mlango, akibweka sema "Sema", msifu. Akishaelewa, mwache abweke mara mbili tatu, kisha mwekee kipande cha nyama puani na useme "Kimya" kwa sauti ya chini. Hawezi kunusa kwa makini na kubweka kwa wakati mmoja. Akinyamaza mpe. Ongeza muda wa kimya kidogo kidogo. Usimkaripie kwa kelele, kwa sababu kwake wewe unayepaza sauti ni mwenzake uliyeingia kwenye kwaya.

Mlio wa harufu huo mwache. Mpe mahali na wakati wake, porini au uwanjani mbali na watu, autoe wote. Kumzima mbwa huyu kabisa ni ukatili, na haiwezekani hata hivyo.

Hatua ya 6: Mfundishe bila kushindana naye

Utaambiwa ni mkaidi. Ni kweli, lakini ukaidi wake ni wa kukaa, si wa kupigana. Katikati ya matembezi ataamua kwamba njia ile haimpendezi. Ataketi. Ukivuta kamba, atalala. Kichwa kitashuka katikati ya miguu ya mbele, masikio yatamwagika chini, na zile kilo zote zitajikita ardhini. Usivute. Utaumiza shingo yake na mkono wako, na bado atakuwa palepale. Legeza kamba, geuka upande mwingine, piga hatua chache kwa mwendo wa mtu mwenye jambo la kupendeza anakoenda. Au tupa kitonge nyasini mbele yake na useme "Tafuta". Pua ikianza kazi, miguu inafuata. Tumia mkanda wa kifuani badala ya wa shingoni.

Masomo yawe ya dakika tatu hadi tano, mara kadhaa kwa siku, na uache akiwa bado anataka. Ukirudia jambo mara nane mfululizo, ya tisa hatakusikia. Ukali unamfunga: mbwa huyu akiadhibiwa hawi mtiifu, anazira. Ana kumbukumbu ndefu ya kuonewa.

Kuja akiitwa mfundishe kwa filimbi, tangu siku za mwanzo, na kila anapokuja apate kitu kitamu kuliko chakula chake cha kawaida. Akiwa juu ya harufu sauti yako itapita tu hewani. Filimbi ina nafasi kidogo zaidi. Penye barabara au mifugo, kamba ndefu ya mita kumi ni ya maisha yote.

Kuhusu kulinda vitu: akiwa ameokota soksi, usimkimbize wala kumpokonya. Badilishana naye. Mpe kitu bora, chukua soksi, na inapowezekana mrudishie kitu chake. Mbwa anayejua kwamba mkono wako huleta hana sababu ya kuuogopa.

Na upweke: mzoeze kwa dakika, si kwa saa. Toka, rudi kabla hajaanza kulia, usifanye sherehe ukiingia. Ongeza polepole.

Hatua ya 7: Mazoezi na chakula, vitu viwili visivyotengana

Mbwa aliyekomaa mwenye afya anataka kama saa moja kwa siku, akigawiwa mara mbili, kwa mwendo wake. Si mbwa wa kukimbia na baiskeli. Kuogelea wengi wao wanakupenda na kunafaa viungo. Kwenye joto mpeleke alfajiri au jioni. Mwili mnene wa manyoya mazito hupata shida kupoa, naye si mtu wa kulalamika mapema.

Chakula pima kwa mizani ya jikoni, kwa gramu. Kikombe hudanganya. Mpe mara mbili kwa siku, na vitonge vya mafunzo vitolewe kwenye kipimo hichohicho, visiwe juu yake. Kila wiki pitisha vidole ubavuni: mbavu uzihisi chini ya ngozi bila kubonyeza. Usipozipata, punguza. Usitazame kwa macho tu, kwani manyoya yanaficha mengi. Kwa mgongo kama wake, kila kilo iliyozidi inalipwa na nyonga na pingili za uti.

Hatua ya 8: Masikio na manyoya

Sikio la Sussex ni kubwa, nene, limeanzia chini na kuning'inia karibu na shavu. Ndani hapapiti hewa. Unyevu na nta vikikaa pamoja, fangasi na bakteria wanapata nyumba. Ukimngoja aanze kujikuna umechelewa.

Mara moja kwa wiki, na kila baada ya kuogelea, fanya hivi. Geuza sikio juu, tazama na unuse. Sikio lenye afya lina rangi ya waridi iliyopauka na halina harufu ya kusema. Jaza tundu kwa dawa ya kusafishia uliyopewa na daktari wa mifugo, isiwe ya baridi. Rudisha sikio chini, kisha kwa kidole gumba na cha shahada ukande mzizi wake, pale chini ya tundu, kwa nusu dakika. Utasikia mlio wa majimaji ndani, na wengi hugeuza kichwa na kukuegemea, macho yamefumba. Mwachie ajikung'ute, simama mbali kidogo au uvae nguo usiyoijali. Malizia kwa kufuta unachokiona kwa pamba, ukiishia pale kidole kinapofika. Vijiti vya pamba usivitumie, vinasukuma uchafu ndani. Ukiona wekundu, nta nyeusi au ya kahawia nyingi, harufu kali, au akiinamisha kichwa upande mmoja, acha kusafisha umpeleke kwa daktari. Dawa iliyobaki ya mwaka jana iache kabatini.

Nunua pia bakuli refu lenye mdomo mwembamba, ili masikio yabaki nje anapokula.

Manyoya hayana makuu. Brashi mara mbili tatu kwa wiki, ukimalizia na kitana nyuma ya masikio, kwapani na kwenye mapaja, ndiko yanakofungana. Punguza nywele chini ya sikio ili hewa ipite, na zile za chini ya nyayo ili asiteleze. Usimnyoe kwa mashine mwili mzima: yanayoota baadaye hugeuka ya pamba, yanashika kila takataka, na ile dhahabu inapotea. Kuhasiwa nako kunaweza kuleta mabadiliko kama hayo. Si sababu ya kutofanya, ila ujue. Baada ya kila matembezi kwenye majani marefu, kagua katikati ya vidole. Mbegu za nyasi zenye ncha hujichimbia ngozini na hazirudi nyuma.

Hatua ya 9: Usiyopaswa kungoja kesho

Akianguka au kulegea baada ya mazoezi mafupi, hasa akiwa mdogo. Akiburuta miguu ya nyuma, akilia anapoinuliwa, au akikataa ghafla kupanda mahali alipozoea. Ulimi au fizi zikibadilika rangi kuwa bluu au nyeupe. Jike mwenye mimba akisukuma nusu saa bila mtoto kutoka. Kwa yote haya mpigie daktari saa hiyohiyo.

Hatua ya 10: Akizeeka

Huyu ni mwenzako wa zaidi ya miaka kumi, na uzee wake unaweza kuwa mzuri. Februari 2009, Sussex aitwaye Stump alishinda tuzo ya juu kabisa ya maonyesho ya mbwa ya Westminster jijini New York akiwa na miaka kumi, mbwa mzee kuliko wote waliowahi kuishinda kabla yake. Alikuwa ameshastaafu mashindano, na miaka michache nyuma maradhi yalikaribia kumuua.

Kuanzia miaka saba hivi, mpeleke kwa daktari mara mbili kwa mwaka badala ya moja, moyo usikilizwe na uzito uandikwe. Godoro liwe nene na liwe chini. Matembezi yafupishwe lakini yasikatwe. Masikio nayo yanaweza kupoteza usikivu, kwa hiyo anza kumfundisha ishara za mkono angali anasikia: kiganja juu kwa kukaa, mkono kifuani kwa kuja. Kelele hazitapungua, asiyejisikia hupaza zaidi.